Aliyepita Bila Kusimama

Msichana alikuwa amelala kifudifudi kwenye korido ya orofa ya pili, shavu sakafuni, kiatu kimoja kimemvuka, na watu walikuwa wakimpigia magoti kwa zamu.

Ndiyo, kwa zamu. Anakuja mmoja, anapiga magoti, anamshika mkono, anasema maneno matamu ya huruma, kisha anaitupia jicho kamera iliyo darini, anajipangusa vumbi na kuingia chumba kinachofuata. Anakuja mwingine, vivyo hivyo. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyekimbia kuita mtu.

Ilikuwa siku ya mchujo katika Chuo cha Udaktari cha Mbaruk, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Chuo hicho kilikuwa kimechoshwa na madaktari wenye akili nyingi na roho mbaya. Mwaka huo kikatangaza kwamba alama za mtihani wa kitaifa zitakufikisha mlangoni tu. Ndani utaingia kwa tabia. Basi watahiniwa wakawa wanapitishwa chumba baada ya chumba. Huku kuna mgonjwa wa kuigiza anayelia, kule kuna mzazi wa kuigiza anayetaka kukuhonga. Uvumi ukaenea kwamba hata koridoni kumetegwa mitego, kwa hivyo walipomkuta msichana chini, kila mmoja alijua la kufanya. Walidhani ni mtihani.

Profesa Gathogo, msimamizi wa mchujo, ndiye aliyetoka kwenda kunywa chai akamkuta. Yeye peke yake alijua kwamba koridoni hakuwa ameweka mtu.

Inspekta Naliaka wa idara ya upelelezi alifika wakati msichana ameshafikishwa hospitalini kwa ambulansi. Alifika na hasira zake, na hasira hizo hazikuhusu chuo. Asubuhi ile Sitati alikuwa amehamia ofisi kubwa, ile yenye kiti cha kuzunguka. Sitati! Kijana ambaye Naliaka ndiye aliyemfundisha kufunga kielelezo kwenye mfuko, leo ni Inspekta Mkuu, na ndiye aliyempigia simu na kumwambia, "Madam, hebu kimbia Mbaruk uniangalizie hiyo maneno." Uniangalizie! Naliaka alikuwa ameitafuna hiyo "uniangalizie" njia nzima.

Simu yake ikalia kabla hajapanda ngazi. Alikuwa Daktari Awuor, wa chumba cha wagonjwa mahututi.

"Inspekta, huyu msichana wa koridoni, Jepleting, sukari ilikuwa karibu kumwishia mwilini. Nimemwekea glukosi, akapanda, sasa ameshuka tena. Na mama yake ameniambia kwa simu kwamba hana ugonjwa wa sukari. Kuna mtu amempa dawa."

"Dawa gani?"

"Hiyo ndiyo kazi yako. Kuna za kuisha haraka na kuna za kukaa siku nzima, na kila moja ina matibabu yake. Nikikisia vibaya ubongo utakufa, hata kama moyo utaendelea kupiga."

"Damu tuipeleke maabara ya Serikali?"

"Ipeleke. Lakini majibu yatakuja tumeshazika. Niletee jibu leo, dadangu."

Naliaka akapanda ngazi mbilimbili.

Aliyeitwa kwanza alikuwa Kinyanjui, kijana mrefu mwenye tai ya baba yake. Aliingia akitabasamu, akidhani ni chumba kingine cha mtihani.

"Ulimwona msichana koridoni?"

"Yes, madam. Nilipiga magoti. Nikamshika mkono, nikamwambia, 'Niko hapa na wewe, hauko peke yako.'"

"Mkono ulikuwaje?"

"Baridi. Na jasho. Nikasema, wueh, huyu anajua kuigiza!"

"Ukamwita nani?"

Tabasamu likayeyuka. "Madam... nilidhani ni station ya mtihani."

"Kwa hivyo ulimwambia hayuko peke yake, kisha ukamwacha peke yake."

Kinyanjui akaanza kulia machozi ya kweli. Naliaka hakumwonea huruma. Alikuwa ameona huruma ya kutosha siku hiyo. Wengine wakaja na hadithi ileile. Huyu alimfunika na koti lake, halafu akalichukua. Yule alimwombea.

"Profesa, nionyeshe picha za kamera," Naliaka akasema.

Wakakaa mbele ya kompyuta. Jepleting akaonekana akitoka chumba kimoja akipepesuka, akashika ukuta, akaanguka. Kisha watahiniwa, mmoja baada ya mwingine, magoti chini. Ukiwatazama bila kujua ungedhani ni watakatifu watupu. Halafu akatokea msichana wa sweta ya kijani. Huyo hakupiga magoti. Alibana ukuta wa upande wa pili, uso mbele, akapita.

"Rudisha."

Gathogo akarudisha. Msichana akapita tena.

"Huyo hana utu kabisa," Profesa akasema kwa uchungu. "Nitamwondoa mara moja."

"Vyumbani amefanyaje?"

Gathogo akapekua kompyuta, akakohoa. "Anaongoza. Maswali ya maadili amejibu kama kitabu."

"Ala! Basi mmempata daktari wenu."

Profesa hakucheka. Naliaka naye hakucheka, maana jambo lilikuwa limeanza kumkereketa. Wote walisimama kwa sababu walidhani ni mtihani. Hata wenye roho ya jiwe walisimama, kwa kuwa huruma ilikuwa na alama. Huyu mmoja alitupa alama za bure. Mtu anayeongoza kwa maadili, amejibu kila swali sawasawa, anafika penye swali rahisi kuliko yote na analiruka? Haiwezekani, ila kama alijua kwamba pale hapakuwa na swali.

"Anaitwa nani?"

"Linah Kiptum. Kutoka Olenguruone."

"Na Jepleting?"

Gathogo akaangalia. Uso ukamshuka. "Olenguruone. Nyumba moja. Ni dada."

Langoni, mama mmoja alikuwa akingoja gari la chuo limpeleke hospitalini. Alikuwa mnene, kitambaa kichwani, macho yamevimba, na miguuni pake kikapu chenye vibuyu viwili. Alikuwa Mama Jepleting.

"Pole sana, mama. Mimi ni Inspekta Naliaka. Linah naye ni mwanao?"

"Wote ni wangu. Linah ni wa marehemu dada yangu. Nimewanyonyesha titi moja, madam. Mwambieni asitoke huko ndani bado, amalize intavyuu yake. Mmoja akianguka angalau mwingine asimame."

Maneno hayo yakamchoma Naliaka. Akayameza.

"Asubuhi walikula nini?"

"Chai walikataa, roho juu. Wakakunywa mursik, kila mtu na sotet yake. Huwezi kuachilia mtoto aende kwa kitu kubwa kama hii bila mursik."

Mursik ni maziwa ya kulaza ya watu wa Olenguruone, na sotet ndicho kibuyu chenyewe, kinachosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti hadi maziwa yatoke na madoa ya kijivu na ladha ya moshi. Naliaka alikuwa ameyanywa kwenye harusi nyingi. Ladha ile inaweza kuficha mambo.

Mama akainua kibuyu kimoja, chenye shanga nyekundu shingoni, na machozi yakaanza upya.

"Na hata hii wameniharibia. Sotet ya Jepleting, alitengenezewa na kogo, nyanya yake mwenyewe, kabla ugonjwa haujamlaza miaka mingi mpaka kufa. Hebu nusa."

Naliaka akanusa. Alitarajia moshi na maziwa. Ikaja harufu ya ndimu, ya sabuni ileile ya maji iliyo kwenye vyoo vya chuo.

"Kwani haioshwi na sabuni?"

"Woi! Sabuni inaingia ndani ya kibuyu na haitoki. Sotet inasuguliwa na ufagio wake na maji moto, nyumbani, halafu mkaa. Hata mtoto mdogo kwetu anajua."

"Nani alikurudishia?"

"Linah. Alitoka ndani akaniletea zote mbili kabla hawajaitwa."

"Na nani huweka mursik kwa sotet?"

"Linah. Siku zote ni Linah." Mama akamtazama, na polepole mkono wake ukaenda mdomoni. "Madam, mbona unauliza hivyo?"

Naliaka akavaa glavu, akaviomba vibuyu vyote viwili, kile cha shanga kitupu na kingine bado kimejaa, akavifunga kila kimoja kwenye mfuko wake kama alivyomfundisha Sitati. Akamsaidia mama kuingia garini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema ni nani atakayemweleza mwenye nguo.

Wakaketi katika chumba cha mgonjwa wa kuigiza, Naliaka upande huu, Linah upande ule, na kitanda kitupu kando yao. Konstebo mmoja wa kike alisimama mlangoni. Linah alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, viatu vinang'aa, mikono mapajani. Naliaka akamwonya kama sheria inavyotaka, kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Linah akasema ameelewa, asante.

"Ulimwona dada yako koridoni?"

"Hapana, madam. Nilikuwa nimezama kwa mawazo."

"Ile korido ni nyembamba, Linah."

"Kila mtu ana namna yake ya kukabili shinikizo."

Kitabu, Naliaka akawaza. Anajibu kama kitabu kweli.

"Wenzako wote walisimama. Unajua kwa nini?"

"Walikuwa na huruma."

"Walidhani ni mtihani. Sasa nisaidie. Ukisema na wewe ulidhani ni mtihani, basi ulikataa alama za bure, na wewe si mtu wa kukataa alama. Ukisema ulijua ni Jepleting kweli, basi ulimwacha dada yako chini. Ni gani?"

Linah akalamba midomo. "Nimesema sikumwona."

"Sotet yake uliosha kwa nini?"

"Alijioshea mwenyewe."

"Na sabuni? Msichana wa Olenguruone?"

"Labda alikuwa na wasiwasi."

"Na yako mbona bado imejaa? Hukuionja."

"Tumbo liliniuma."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Naliaka hakuwa hata na muda wa hiyo njia fupi. Simu ikatetemeka mezani, akaipokea. Sauti ya Awuor ilikuwa imekauka: "Ameshuka tena, na sasa anatupa mikono na miguu. Sitaki kubahatisha, Inspekta. Haki, nitampoteza."

Akaikata. Alitamani kumshika huyu mtoto mabega amtikise mpaka jibu lidondoke. Badala yake akaegemea kiti, akalegeza sauti, akawa kama mama mgeni anayepiga soga jikoni.

"Unajua, nimeongea na mama. Jameni, huyo Jepleting! Nimesikia mambo yake nikatamani angekuwa wangu."

Linah akanyoosha mgongo.

"Wanasema ana roho ya ajabu. Anapendwa na kila mtu. Kanisani, sokoni, kila mahali ni Jepleting, Jepleting."

Kidole kimoja cha Linah kikaanza kukwaruza upindo wa sketi.

"Na vile alivyomtunza kogo wenu! Nyanya mgonjwa wa miaka mingi, na msichana mdogo kama huyo anamwosha, anamgeuza, anamlisha. Daktari wa kuzaliwa. Wewe ulikuwa na bahati, mwenzako akifanya kazi yote, wewe unasoma vitabu..."

"Uongo!"

Konstebo mlangoni akashtuka.

"Uongo mtupu! Ni mimi! Mimi ndiye nilimwosha kogo, mimi! Jepleting alikuwa bording! Alikuja likizo tu, anamshika mkono pale nje kwa jua watu wamwone! Nani aliamka usiku? Nani alifua shuka? Nani alimpa dawa zake kila siku, asubuhi na jioni, mpaka akafa?"

"Dawa ya nini?"

Linah alibaki kinywa wazi. Maneno yalikuwa yameshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Kogo alikuwa mgonjwa wa sukari," Naliaka akasema taratibu. "Si ndiyo? Na tembe zilibaki. Linah, nisikilize. Sasa hivi dada yako bado ana pumzi. Usiponiambia ni dawa gani, ataipoteza, na hapo sitakuwa nakuuliza kuhusu jaribio la kuua. Nitakuwa nakuuliza kuhusu mauaji. Ni ipi, na uliweka ngapi?"

Linah akafunika uso. Kutoka nyuma ya viganja likatoka jina la dawa, silabi kwa silabi, bila kukosea hata herufi. Kisha akasema, "Zote zilizokuwa zimebaki. Nilisaga."

Naliaka alikuwa ameshapiga simu. Awuor alisikiliza, akasema neno moja tu, "Sawa," na mbio zake zikasikika kabla simu haijakatika.

Sasa kilichobaki kilikuwa ni kwa nini, na Linah hakuhitaji kuulizwa. Ilikuwa kama ametafuta mtu wa kumwambia maisha yake yote.

"Mimi nilipata A plain, madam. Jepleting A minus. Olenguruone yote ilijua mimi ndiye nitakuwa daktari. Mara ya kwanza watu walisema 'Linah' kabla ya kusema 'Jepleting'. Mara ya kwanza! Halafu chuo kinakuja kinasema hawataki alama, wanataka tabia." Akaitema tabia hiyo kama mbegu ya limau. "Unajua tabia ni nini kwetu? Tabia ni Jepleting. Hata mama akiomba usiku anaanza na jina lake. Mimi najua kujibu maswali, lakini yeye akiingia chumbani tu watu wanatabasamu. Nikajua wataniacha, wamchukue. Kitu kimoja ndicho kilikuwa changu, na hicho pia wamtafutie njia ya kukipata!"

"Ukataka afe."

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana. Kogo akimeza bila kula, alikuwa anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo. Nilitaka Jepleting aingie kule aongee ovyo. Mara moja tu watu wamwone akiwa mbaya. Basi."

"Na alipoanguka? Ulijua ni nini. Ungempa hata soda ya kiosk angeamka. Wewe ndiye mtu peke yake kwenye jengo hili aliyejua."

Linah akairudisha mikono mapajani.

"Nilifika pale nikakuta yule kijana wa tai amepiga magoti, amemshika mkono. Kabla yake msichana mwingine alikuwa amemshika mkono. Ako chini, hajui kitu, na bado watu wanapanga laini kumshika mkono!" Sauti ikamkatika. "Mimi hakuna mtu amewahi kunishika mkono, madam. Nikaona siwezi. Nikapita."

Konstebo mlangoni akageuza uso ukutani. Naliaka aliangalia kitanda kitupu. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Msemo huo huandikwa kwenye leso na watu hucheka.

Sheria ya Kenya haimruhusu mpelelezi wa kesi kuandika ungamo la mshukiwa wake. Lazima aandike afisa mwingine, mwenye cheo cha Inspekta Mkuu kwenda juu, mbele ya mtu aliyechaguliwa na mshukiwa. Basi jioni ile, kituoni, Naliaka akamfikisha Linah kwenye ofisi kubwa yenye kiti cha kuzunguka. Mtu ambaye Linah alimchagua akae naye alikuwa Mama Jepleting. Mama alikataa mara ya kwanza. Baadaye akaja, akaketi pembeni, akasikiliza yote bila kumwangalia mtoto aliyemnyonyesha. Sitati akaandika, akasoma kwa sauti, Linah akatia sahihi.

"Kazi safi, madam," Sitati akasema, akiweka kifuniko cha kalamu.

"Asante, bwana," Naliaka akajibu, macho kwenye kile kiti cha kuzunguka.

Awuor alipiga simu giza likiingia. Jepleting alikuwa ameamka. Anajua jina lake, anajua ni siku gani, anavuta chai kwa mrija. Atapona. Mama alipoambiwa aliinuka bila kuaga, akaenda hospitalini, na mlangoni akasita kidogo kana kwamba kuna kitu amesahau ndani. Hakurudi kukichukua.

Naliaka akachukua kikombe cha chai, akampelekea Linah mahabusu. Alistahili kujua, alijiambia.

"Dada yako ameamka."

Linah akafumba macho. Mabega yakamshuka, na kwa muda mfupi alikuwa msichana tu aliyeponea chupuchupu. "Mungu wangu, asante. Asante." Kisha akauliza, "Amesema nini?"

Naliaka akasita. Angeweza kunyamaza. "Neno la kwanza aliuliza kama wewe uliwahi intavyuu. Amesema kama uliichelewa kwa sababu yake, wamwambie Profesa akupe nafasi yake."

Linah akamtazama. Midomo ikaanza kucheza. Naliaka alidhani sasa yanakuja yale machozi ya majuto ambayo mahakimu huyapenda.

"Umeona?" Linah akanong'ona. "Umeona sasa? Nimemtilia sumu, na bado ni yeye mzuri."

Akalia. Hakuwa akimlilia dada yake.

Naliaka alitaka kumwambia kitu kikali, na kilikuwa tayari ulimini. Lakini kutoka uani, kupitia dirisha lenye nondo, ikamjia sauti ya Sitati akiongea na waandishi wa habari, taa za kamera zikimmulika. "Mimi na vijana wangu," alikuwa akisema, "tulifuatilia suala hili hatua kwa hatua." Kitu kikamuuma Naliaka chini ya mbavu, kikali, kidogo, kilekile cha asubuhi. Akasimama pale akikisikiliza kikiuma.

Akakisogeza kikombe karibu na mkono wa msichana.

"Kunywa chai," akasema. "Itapoa."